Reli Iliyong'olewa na Meli za Ziwa Nyasa

Mjomba wangu alikuwa baharia, lakini mwajiri wake lilikuwa Shirika la Reli. Kwa mtoto aliyekulia Mikindani hapo palikuwa na mafumbo mawili. Baharia tuliyemjua sisi ni mtu wa jahazi, anayepanda na Kusi kwenda Kilwa na Unguja na kurudi na Kaskazi, nywele zimekauka chumvi. Na reli hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni tuta lililoota nyasi ambalo wazee walituonyesha na kusema hapa ndipo gari la moshi lilipopita. Sasa huyu baharia asiyenuka bahari, anayelipwa na reli ambayo kwetu haipo, alifanya kazi gani hasa?

Alihudumia mashine za meli katika Ziwa Nyasa, makao yake bandari ya Itungi, Kyela. Likizo yake ilikuwa mara moja kwa mwaka. Alizunguka mpaka Dar es Salaam, kisha akashuka kusini kwa meli ya pwani au kwa basi, na mvua zikinyesha njia ya Rufiji ilikuwa haipitiki kabisa. Alifika na gunia la usipa mkavu, samaki wadogo wa ziwani, na chungu cha Wakisi kilichoviringishwa kwa kanga ili kisivunjike. Tulimpokea begi, tukamwamkia, na kabla hajamaliza uji wake nilishaanza kumchokoza na maswali. Siku moja nikamuuliza kuhusu reli. Akanyanyua kidole chenye alama ya moto wa mashine, akaniambia: "Mpwa wangu, meli ya ziwani ni behewa. Tofauti yake ni kwamba lenyewe linaelea."

Sikuyaelewa maneno hayo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Leo nahesabu shehena katika bandari ya Mtwara. Msimu wa korosho nahesabu magunia, na kwa miaka ya karibuni, hasa tangu 2022 makaa ya mawe yalipopanda bei duniani baada ya vita vya Ukraine, nahesabu malori. Yanatoka Mbinga, mkoani Ruvuma, zaidi ya kilomita 700, yakiwa yamefunikwa maturubai, na madereva wenye macho mekundu wanashuka kunyoosha miguu. Piga hesabu mwenyewe: lori likibeba tani 30, meli ya tani 30,000 inataka malori 1,000. Elfu moja, kwa meli moja. Usiku mmoja nikiwa kibandani na karatasi zangu nikaliona jambo ambalo mjomba alikuwa akinieleza. Makaa haya yanachimbwa jirani na ziwa lenye urefu wa kilomita 580 hivi, yanavuka kusini yote kwa matairi, yanafika kwenye bandari iliyowahi kuwa na reli. Ziwa lipo, bandari ipo. Kilichokosekana ni kile kinachoyaunganisha, na kwa kuwa kilikosekana, hata meli za ziwani hazikuja kwa wingi. Nikaanza kutafuta habari za meli hizo moja moja, na hayo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Tuanze na maji yenyewe. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka kwa mto Shire, ambao huingia Zambezi na kufika Bahari ya Hindi, na njiani Shire huanguka kwenye maporomoko ambayo chombo hakipandi wala hakishuki. Kwa hiyo hakuna meli iliyowahi kuingia Nyasa ikielea kutoka baharini, na hakuna itakayotoka. Kila chombo cha chuma kilichowahi kuelea pale kilifika kwa vipande au kilijengwa ufukweni kwa mabati yaliyobebwa nchi kavu. Ndiyo maana ukitaka kujua historia ya meli za ziwa lolote, uliza kwanza njia ya nchi kavu. Nani alikuwa na njia, ndiye aliyekuwa na meli.

Na wa kwanza kuwa na njia tulikuwa sisi, watu wa pwani. Jambo hili huwa halisemwi, na likisemwa huwa ni kwa kujisifu tu, bila upande wake wa pili. Misafara ya Wayao na ya Waswahili ilitoka Kilwa, Lindi na Mikindani kwenda ziwani kwa miguu, na ng'ambo ya ziwa, pale Nkhotakota, akina Jumbe kutoka pwani walikuwa na majahazi tangu katikati ya karne ya 19. Majahazi! Maili mamia kutoka kwenye mkoko wa karibu, mafundi walichonga mkuku, wakapigilia mbao, wakatweka tanga la pwani juu ya maji baridi. Hilo ndilo kundi la kwanza la vyombo vya mizigo katika Nyasa. Shehena yake ilikuwa pembe za ndovu, na ilikuwa watu. Watu waliofungwa, waliovushwa kutoka magharibi kuja mashariki, wakatembezwa mpaka pwani yetu. Mimi nahesabu mizigo kwa riziki yangu, na nikilifikiria hilo kalamu huwa nzito. Nyumba kuukuu tunazowapigisha picha wageni Mikindani zilijengwa wakati biashara hiyo ikiendelea.

Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na kuanza safari yake ya mwisho, akifuata Ruvuma kwenda ziwani. Wengi wetu tunaijua habari hiyo. Wachache wanajua kwamba miaka michache kabla alikuwa amejaribu kupeleka Nyasa meli yake mwenyewe, Lady Nyassa, iliyotengenezwa Uingereza kwa namna ya kufunguliwa vipande ili vibebwe kupita maporomoko ya Shire. Alitumia fedha zake mwenyewe. Vipande havikupita. Mwisho wake meli iliyokusudiwa kukaa ziwani ilitolewa baharini, naye akaiendesha mwaka 1864 kutoka Unguja mpaka Bombay, siku 45 hivi, ili akaiuze. Na alipofika Nyasa 1866 kwa miguu, akitafuta jahazi la kumvusha, wenye majahazi walimkwepa, wakiogopa atawachomea vyombo. Ikabidi alizunguke ziwa kwa kusini. Mtu aliyeota meli ya mvuke alilizunguka ziwa kwa miguu kwa sababu Waswahili hawakumpa nafasi chomboni.

Miaka tisa baadaye, 1875, ikaingia Ilala, meli ndogo ya mvuke ya wamisheni wa Kiskoti, ikiongozwa na E. D. Young. Ilifunguliwa chini ya maporomoko, mamia ya wapagazi wakaibeba vichwani, ikaunganishwa upande wa juu. Njia ilikuwa imepatikana, lakini haikupita kwetu. Ilipita Zambezi na Shire. Mwaka 1878 wafanyabiashara wa Glasgow wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa African Lakes Company, chini ya ndugu wawili, John na Frederick Moir. Wenyeji waliiita Mandala, kwa sababu ya miwani aliyovaa mmoja wa ndugu hao, na jina hilo limebaki mpaka leo kule Blantyre. Kampuni hiyo ilikuwa na meli ya Lady Nyassa kwenye mito (jina ni lile lile, chombo kingine), na ziwani ikawa na Ilala, kisha Domira. Hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba Nyasa ilipata kampuni ya meli za mizigo. Nguo na shanga ziliingia, pembe zilitoka. Na mara tu ilipoanza ikagongana na wale wa majahazi: vita vya Karonga dhidi ya Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili wa pembe na watumwa, vilivyoanza 1887, vilikuwa pia ugomvi wa nani abebe mzigo wa kaskazini ya ziwa na aupeleke pwani ipi.

Meli ninayoipenda kuliko zote katika habari hizi si ya mizigo hasa, lakini nisamehewe, kwa sababu jina lake ni la mtu wa kwetu kwa namna fulani. Chauncy Maples alikuwa padri wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na kabla ya kwenda ziwani alikaa Masasi na Newala. Walioshuhudia uvamizi wa Wangoni Masasi mwaka 1882 walikuwa watu wa misheni yake. Baadaye akahamia Nyasa, akafanywa askofu 1895, na mwaka huo huo, akirudi ziwani, chombo kikazama usiku naye akafa maji. Wenzake wakachangisha fedha za meli kwa jina lake. Ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa vipande 3,481. Jaribu kuliona hilo kwa macho ya karani wa shehena. Kila bati lina namba. Kipande kimoja kikipotea Zambezi, fundi wa ufukweni anabaki na tundu kwenye ubavu wa meli na barua ya kuandika Glasgow. Tanuri la mvuke halikuweza kugawanywa. Liliwekwa magurudumu, na mamia ya wanaume wa Kingoni wakalivuta kwa kamba nchi kavu kupita maporomoko. Mwaka 1901 Chauncy Maples ikashushwa majini, na imeishi miaka zaidi ya mia ikiwa shule, zahanati, na baadaye, ilipouzwa, chombo cha abiria na biashara.

Miaka mia kwa meli ya chuma! Baharini hilo ni nadra mno. Mjomba alinieleza sababu: maji ya ziwani hayana chumvi, hayali bati kwa pupa. Lakini aliniambia na jambo la pili, ambalo nililithibitisha nilipoanza kazi gatini. Tazama ubavu wa meli yoyote inayofunga Mtwara, utaona mistari midogo yenye herufi, inayotokana na sheria aliyoipigania mbunge Mwingereza Samuel Plimsoll miaka ya 1870. S ni mpaka wa kuzama kwake baharini wakati wa kiangazi. F, ambayo iko juu zaidi, ni mpaka wake kwenye maji baridi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ya ziwani kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile yenye mzigo ule ule huzama zaidi ziwani. Maji ya ziwa huihifadhi meli, ila huibeba kwa shida zaidi. Mjomba alikuwa akilisema kwa kuonyesha viganja vyake, kimoja chini ya kingine, na mimi mpaka leo nikiiona F namwona yeye.

Sasa twende kwenye reli, maana hapo ndipo penye kiini.

Ukiyachukua maziwa yetu yote makubwa utaona mtindo mmoja. Ziwa Viktoria: meli ya William Mackinnon iliingia majini Kisumu mwaka 1900, na reli ya kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901. Mara zikafuata Winifred na Sybil, zote mali ya reli. Ziwa Tanganyika: Wajerumani walifikisha reli Kigoma 1914, na kwa reli hiyo zikaja sanduku 5,000 hivi zenye vipande vya Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg na kushushwa majini Februari 1915. Walipoikimbia 1916 waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiibua 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Upande wa magharibi wa Nyasa nako, reli ya Nyasaland (Malawi ya leo) ilipofika ziwani miaka ya 1930, kampuni ya reli ndiyo iliyoshika meli. Ilala ya pili, iliyotengenezwa na Yarrow ya Glasgow na kushushwa majini 1951, ililetwa kwa agizo la reli hiyo. Viktoria tena, miaka ya 1960: MV Umoja, ambayo ina njia za reli juu ya sitaha yake, mabehewa yanaingia yenyewe Mwanza na kutoka yenyewe Port Bell, Uganda, bila gunia kushushwa. Mjomba hakuwahi kuiona Umoja, lakini angeielewa kuliko mtu yeyote. Pale meli haifanani na behewa tu, imelimeza.

Hakuna siri katika mtindo huu. Reli ni ghali, na inakula mzigo kama tanuri linavyokula kuni. Ikifika ziwani haiwezi kungoja mzigo uje wenyewe. Inatuma meli ikauokote kila ghuba na kila mdomo wa mto. Na ni reli hiyo hiyo iliyoleta mabati ya meli, makaa au mafuta yake, spea zake na mafundi wake. Meli bila reli nyuma yake ni kama mkono uliokatwa begani.

Upande wa mashariki wa Nyasa, upande wetu, reli haikufika. Wajerumani walipanga njia ya kusini, kutoka Kilwa mpaka Wiedhafen, ambapo leo ni Manda, na wapimaji wakapita porini na vyombo vyao. Haikujengwa. Kwa hiyo meli yao moja kubwa ziwani, Hermann von Wissmann, iliyojengwa Hamburg kwa michango, ililetwa kwa Zambezi na Shire, nchi za watu wengine, na kushushwa majini 1893. Ilikuwa na makao Sphinxhaven, ambapo sisi tunapaita Liuli.

Liuli ndipo kilipotokea kisa ambacho kila mtu wa meli za ziwani anapaswa kukijua. Tarehe 13 Agosti 1914, vita vikiwa vimeanza Ulaya siku chache tu, meli ya Kiingereza Guendolen ikaingia ghubani ikaipiga mizinga Hermann von Wissmann. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari ya vita, na mpigaji, nahodha Rhoades, alikuwa mtu wanayefahamiana. Mara nyingi kinahesabiwa kuwa kitendo cha kwanza cha vita vya majini katika vita vile. Lakini kinachonishika mimi ni kwamba Hermann von Wissmann haikuwa majini. Ilikuwa juu ya chelezo, imevutwa nchi kavu ikitengenezwa. Meli ya bahari ikichoka hupelekwa bandari yenye chelezo kikubwa, hata nchi ya mbali. Meli ya ziwani haina pa kwenda. Chelezo chake ni kile kilichopo pale pale, na kama hakipo, itaoza ilipofungwa. Neno hilo, chelezo, mjomba alilitamka kama wengine wanavyotamka hospitali.

Kisha ikaja karanga. Watu wa Mtwara na Lindi hatuhitaji kuelezwa sana: mpango wa Waingereza wa mwaka 1947 wa kulima karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo, uliokufa 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Kwa ajili ya karanga zile ilijengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya, Lindi, kwenda Nachingwea, kisha ikaunganishwa na Mtwara. Kwa ajili yake pia ilijengwa bandari yetu ya kina kirefu, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, pale ambapo mimi nasimama na kalamu yangu. Karanga hazikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Wenzangu wengi huuliza kwa nini ilijengwa. Swali langu mimi ni kwa nini haikuendelea. Tayari vyuma vilikuwa vimelala kutoka bahari ya kina mpaka Nachingwea. Mbele kulikuwa na Tunduru, Songea, makaa ya Mbinga, chuma cha Liganga, na ziwa. Najua walioing'oa walipiga hesabu ya mzigo wa wakati huo, na mzigo haukutosha. Lakini reli ya Kisumu nayo isingelipa kama ingeishia nyikani. Iliyoitetea ni ziwa. Ile yetu iling'olewa kabla ya kuliona ziwa, na nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko la karanga.

Matokeo yake aliyaishi mjomba. Itungi ni bandari iliyokaa mdomoni mwa mto, na mito ya Kyela inashusha mchanga usiku na mchana. Njia ya meli ilifukiwa, ikachimbwa, ikafukiwa tena, na shughuli zikawa zinahamia bandari ya Kiwira. Meli za upande wetu, MV Songea na MV Iringa, zilikuwa za abiria na mizigo kidogo, zikishuka na mwambao: Lumbila, Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Sehemu nyingi hakukuwa na gati. Meli ilisimama mbali, mitumbwi ikaifuata, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na debe la usipa kichwani alipanda kwa kamba. Milima ya Livingstone inaingia majini wima na barabara hakuna. Kwa vijiji hivyo meli ilikuwa ndiyo soko, ndiyo posta, ndiyo gari la wagonjwa.

Shirika la Reli la Tanzania lilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na lilirithi meli za maziwa yote pamoja na madeni ya uzee wao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 meli zilitengwa na reli, zikapewa kampuni yao, Marine Services Company. Mjomba alikuwa amestaafu wakati huo, ila nakumbuka alivyoipokea habari: alikaa kimya muda mrefu, kisha akaitafuta kofia yake yenye nembo ya reli, akaipangusa vumbi. Katikati ya hayo kulikuwa na tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, Ziwa Viktoria, na mamia ya watu waliopotea mbele ya Mwanza. Siku ile alikuwa kwetu. Alisikiliza redio akiwa amesimama. Ziwani wote wanajuana, na ajali ya ziwa moja ni msiba wa maziwa yote.

Nyasa nayo ina kaburi lake kubwa. Vipya, meli ya reli ya Nyasaland, ilizama 30 Julai 1946 ikiwa mpya kabisa, ikafa na watu 145. Ilikuwa siku ya upepo wa Mwera, ule wa kusini-mashariki, na milango ya ngama, chumba cha mizigo chini ya sitaha, iliachwa wazi, mawimbi yakaingia. Jina la upepo huo lilinishtua nilipolisikia Mbamba Bay kwa mara ya kwanza, maana kwetu Mwera ni watu, majirani zetu wa Lindi na Nachingwea. Mvuvi mmoja aliniambia Mwera ukivuma siku tatu, hata anayeidai pesa yake ng'ambo hupumzika.

Nilikwenda Mbamba Bay kwa basi. Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga. Njia ambayo misafara iliitembea miezi. Kutoka Mbinga lami mpya inateremka kwa kona mpaka ghafla ziwa linajaa dirisha lote. Nilishuka nikanawa uso, na ulimi wangu ulingoja chumvi ambayo haikuja. Nilikuwa nimepanga kupanda meli kwenda kaskazini. Nilingoja siku tatu, meli haikuja, na hakuna aliyejua itakuja lini, hivyo siku hizo nilizitumia kukaa na makuli wa ufukweni na kuwauliza walichobeba. Saruji, sabuni, bia kutoka Kyela. Kurudi: usipa, mihogo, mchele wa Lituhi. Walinisimulia MV Njombe na MV Ruvuma, meli mbili za shehena za tani 1,000 kila moja zilizokabidhiwa Mamlaka ya Bandari 2017, na MV Mbeya II ya mwaka 2021, ya abiria 200 na tani 200. Zote tatu zilijengwa pale pale Kyela na Songoro Marine ya Mwanza. Nilipowasikia wakitaja majina hayo kwa kujivunia, nilihesabu moyoni: tani 1,000 ni malori 33. Safari moja tu ya meli moja, na usiku mzima wa kibandani kwangu umekwisha.

Na hapo ndipo ninaposema kwa nguvu zote nilizonazo. Meli tunaweza kuzijenga wenyewe. Hilo limethibitika ufukweni mwa Kyela, na hakuna tena haja ya vipande 3,481 kutoka Glasgow. Bandari ya Mtwara imepata gati jipya la mita 300. Mbamba Bay bandari inajengwa, na moja kwa moja ng'ambo, kilomita 60 hivi, iko Nkhata Bay ya Malawi, nchi inayongoja mbolea na mafuta yake kutoka bandari za mbali. Reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, imechorwa na kuzungumzwa mno. Wanaoipanga wasije wakaihesabu kama reli inayoishia ziwani. Waandike na meli ndani ya bajeti ile ile, na wahesabu mzigo wa ng'ambo tangu siku ya kwanza. Reli inayotazama maji bila meli, tuliwahi kuwa nayo nusu yake, na mimi nimeikanyaga nikiwa mtoto, imeota nyasi.

Niliporudi nilipitia kwa mjomba Mikindani, na usipa gunia zima, safari hii mimi ndiye niliyempelekea. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, akacheka. Nikamweleza yote: lami, bandari inayochimbwa, meli za tani 1,000. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaisogeza karibu na jicho la kushoto. Kisha akaanza kuniuliza kama fundi anayekabidhiwa zamu. Kina cha maji mbele ya gati ni kiasi gani? Mchanga unaingia upande upi, Mwera ukivuma? Nilijibu nilivyoweza.

"Na chelezo wamekiweka wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Akarudisha simu, akaanza kuchambua usipa, wadogo upande huu, wakubwa upande ule, akaniambia nikienda tena nikaanzie hapo.